Shule ya farasi nje ya Kampala: levo zao za kuruka viunzi ndo zimenifanya nibaki

Kwa wenye haraka niseme mapema: kama unataka mtoto, au we mwenyewe, ajifunze kuruka viunzi na farasi kwa mpangilio unaoeleweka, hii shule ni nzuri na naipa nyota nne kwa tano. Jina sitaliandika maana wenyewe waliomba wazazi tusiwatangaze hovyo, farasi wao ni wachache na watu wakija kwa mpigo wanaoumia ni hao farasi, kwa hiyo anayewataka kweli aulize wazazi wenye watoto pale, ataelekezwa. Iko nje kidogo ya Kampala, lami inaisha unaingia murram, mvua ikinyesha gari dogo linateseka ila boda inafika bila shida.

Ninachotaka kuongelea hasa ni levo zao, yaani wanavyompandisha mwanafunzi kutoka ngazi moja kwenda nyingine, kwa sababu hapo ndipo shule za farasi zinapotofautiana na hapo ndipo hela ya mzazi inapofanya kazi au inapopotea. Mengine kama uwanja wa majani na hewa nzuri karibu kila mahali Uganda utavipata.

Mtu akija mara ya kwanza anaona sentimeta tu. Huyu anaruka 60, yule 80, yule mita moja, basi wa mita moja ndo mkali kuliko wote. Hapana. Urefu wa kiunzi ni kitu kimoja kati ya vingi vinavyofanya levo kuwa levo, na kwa maoni yangu ndo kitu cha mwisho kuangalia. Kuna upana wa kiunzi, kuna umbali kati ya kiunzi na kiunzi, kuna kona, kuna viunzi viwili au vitatu vilivyofuatana karibu karibu, kuna saa, kuna farasi mwenyewe umri wake na uzoefu wake, halafu ndo uje useme fito iko juu kiasi gani. Shule hii inalielewa hilo na wanalifundisha toka siku mtoto anapita juu ya fito zilizolazwa chini mchangani.

Ngazi zao ziko hivi. Fito zilizolala chini, halafu fito mbili zilizokatana msalaba, halafu sentimeta 50, 60, 70, 80, 90, mpaka mita 1. Wanaishia hapo kwa sababu farasi walionao ndo uwezo wao, na mwalimu anakwambia hivyo wazi bila kuzunguka, anayetaka zaidi ya mita moja itabidi awe na farasi wake au aende Kenya ambako wenzetu wana mashindano mengi na farasi wengi zaidi. Kila mwanafunzi ana kadi. Ili uvuke kutoka 60 kwenda 70 unatakiwa uwe na raundi safi tatu, kila moja siku yake, na angalau moja iwe juu ya farasi ambaye si yule uliyemzoea. Raundi safi maana yake hujaangusha fito wala farasi hajakataa kiunzi hata kimoja. Hakuna kuvushwa kwa sababu mtoto ana birthday au kwa sababu shangazi amekuja kutoka London anataka kuona mtoto akiruka juu. Nimeshuhudia mzazi akiomba, tena kwa heshima kabisa, na mwalimu akamjibu kwa heshima vilevile, "Mama, nikimpandisha leo farasi atajua kabla yenu kwamba hayuko tayari," basi yakaisha pale.

Hicho kigezo cha raundi safi hawajakitunga wao. Uingereza ambako ngazi zao zina majina, British Novice kwenye sentimeta 90, Discovery mita 1, Newcomers mita 1.10, Foxhunter mita 1.20, njia ya kufuzu kwenda hatua inayofuata ya hayo mashindano ni kumaliza safi mara mbili, raundi ya kwanza na ile ya pili, na hizo safi mbili ndo zinahesabiwa. Zamani huko huko farasi alikuwa anapandishwa gredi kufuatana na hela alizoshinda, C, halafu B, halafu A, yaani farasi ndo alikuwa na gredi, mpanda farasi akiuza farasi gredi inaondoka na farasi. Ujerumani wanatumia herufi, E, A, L, M, S, ya chini kabisa iko kwenye sentimeta 80 na kitu hivi na S inaanzia mita 1.40 kwenda juu. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanangu anaruka levo ya tatu muulize levo ya tatu ya wapi, maana kila nchi ina ngazi zake na hata shule na shule hapa hapa Kampala hazifanani. Kitu pekee kinachosomeka sawa kila mahali ni mita na sentimeta, na ndo maana hawa jamaa wanaandika sentimeta kwenye kadi na sio Levo 1 Levo 2. Hilo nimelipenda.

Halafu kuna zile nyota ambazo watu wanazichanganya sana. Mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na FEI, shirikisho la michezo ya farasi la dunia lililoanzishwa 1921, yanaandikwa CSI na nyota kuanzia moja hadi tano. Mzazi mmoja alikuwa anaamini nyota ni urefu. Nyota zinafuata zaidi hela za zawadi na hadhi ya mashindano, ingawa ni kweli ukipanda nyota viunzi navyo vinapanda, Grand Prix, yaani shindano kuu, ya nyota tano inafika mita 1.60. Lakini ndani ya mashindano hayo hayo ya nyota tano siku ya Alhamisi utakuta klasi, yaani shindano moja kati ya mengi ya siku hiyo, ya mita 1.40 au 1.45 inaendeshwa asubuhi kimya kimya, farasi wanazoeshwa uwanja. Kwa hiyo nyota ni za mashindano, urefu ni wa klasi. Ukilielewa hilo tu unaweza kukaa ukaangalia kwenye TV na ukajua kinachoendelea.

Sasa nije kwenye umbali maana hapa ndo nilipojua mwalimu huyu anajua kazi yake. Farasi mkubwa akiwa kwenye kanta, ule mwendo wa shoti ya taratibu, hatua yake moja ni kama mita 3.6. Akitua baada ya kiunzi anachukua kama mita 1.8, na anahitaji kama mita 1.8 nyingine ya kujiandaa kuruka kinachofuata. Kwa hiyo ukiweka viunzi viwili kwa umbali wa mita 18 farasi anapata hatua nne kamili katikati, anafika pazuri, anaruka. Wanafunzi wanafundishwa kupima hiyo kwa miguu yao, hatua nne za mtu mzima ni hatua moja ya farasi, ndo maana kabla ya mashindano unawaona watu wanatembea uwanjani wanahesabu midomo inacheza, wengine wanadhani wanaomba dua.

Lakini je poni? Poni ni yule asiyezidi sentimeta 148 mabegani bila viatu vya chuma, na wale wadogo wanaopandwa na watoto wa miaka saba minane hatua yao inaweza kuwa mita 2.7 tu. Mpeleke huyo kwenye ile mita 18, toa ya kutua na ya kujiandaa, anabaki na hatua tano na ushee. Hakuna nusu hatua. Ama afyatuke kutoka mbali ama ajibanebane aongeze hatua ya sita na kufika chini ya kiunzi kabisa, na mtoto aliye juu hajui kimetokea nini, anajua tu kwamba Simsim leo amekuwa mkaidi. Simsim ni poni wa kijivu ambaye binti yangu anampenda kuliko tunavyopendwa sisi nyumbani. Siku ya kwanza tumehudhuria mashindano yao ya ndani, klasi ya farasi wakubwa ya 60 ilipoisha nikaona mwalimu na masaisi wawili, wale watunza farasi, wanaingia uwanjani na futi ya mkanda wanasogeza viunzi, wanapima upya, wanasogeza tena. Urefu hawakugusa, ulibaki 60 ile ile. Nikamuuliza mzee mmoja saisi mbona mnahangaika hivyo, akaniambia, "Sasa wanaingia wadogo, hiyo njia ya wakubwa itawaonea." Jua kali, watu wanasubiri, na wamesimamisha kila kitu kwa ajili ya umbali wa watoto wadogo. Pale niliamua.

Maana tulikotoka hawakuwa wanafanya hivyo. Kabla ya hapa tulikuwa mahali pengine, sitaki kupataja, ambapo mtoto akishajua kukaa kwenye tandiko wanamuwekea kiunzi wanakipandisha kila wiki, 50, 60, 70, wazazi tunapiga picha, tunashangilia, na ada inapanda na kiunzi. Viunzi vilikuwa vimewekwa popote palipo na nafasi. Binti yangu akawekwa kwenye 80 na poni akawa anakataa, akakataa tena, akaambiwa ampige fimbo, mara ya tatu poni akasimama ghafla na mtoto akaenda peke yake upande wa pili. Hakuvunjika kitu namshukuru Mungu, ila alikaa muda mrefu hataki kusikia neno farasi. Huku kwa mwalimu mpya akarudishwa kwenye msalaba. Nilidhani atalia, wala, alikaa kwenye msalaba na 50 kwa muda mrefu tu akiwa na raha zake, na alipofika tena 80 alifika akiwa anajua kwa nini poni anakataa.

Kitu kingine ambacho wazazi hawakioni ni aina ya klasi. Urefu uwe ule ule 70, kuna klasi tatu tofauti kabisa. Ya kwanza ni raundi safi tu, hakuna mshindi, kila anayemaliza bila kosa anapata utepe wake, hii ni ya kujenga moyo na wanaianza nayo asubuhi. Ya pili ni ile yenye jampofu, yaani wote waliomaliza safi wanarudi kwenye njia fupi zaidi na sasa saa inahesabu, asiye na kosa na mwenye kasi ndo mshindi. Ya tatu wanaigawa kwa awamu mbili, unaruka nusu ya kwanza ukiwa safi unaendelea moja kwa moja na nusu ya pili kwa saa bila kutoka uwanjani. Mi nakwambia 70 ya jampofu ni ngumu kuliko 80 ya raundi safi, kwa sababu kwenye jampofu mtoto anatakiwa akate kona, afupishe njia, akimbize farasi halafu bado amtulize mita chache kabla ya kiunzi, na hayo ni maamuzi ya sekunde. Mwalimu huyu haruhusu mtoto kuingia jampofu ya levo yake mpaka awe na zile raundi safi za kwenye kadi. Wapo wazazi wanaoona anachelewesha. Mi naona ndo sawa kabisa.

Hesabu ya pointi ni rahisi na ni vizuri uijue ili usimkaripie mtoto bure. Kuangusha fito ni pointi 4. Farasi akikataa mara ya kwanza ni 4. Kwa sheria za kimataifa akikataa mara ya pili umetolewa, na ukianguka umetolewa hapo hapo, hata ukiamka mzima. Hapa kwa wale wa 50 na 60 wanavumilia zaidi kwenye kukataa ila kwenye kuanguka hawana mjadala, mtoto akianguka siku yake imeisha, anakaguliwa, anakaa kivulini, na kila mtu anampongeza kwa alichofanya. Halafu kuna muda. Tuseme njia ina urefu wa mita 420 na mwendo umepangwa mita 350 kwa dakika, basi muda ulioruhusiwa ni sekunde 72, ukizidi hapo unaongezewa pointi, ukifikisha mara mbili yake yaani 144 umetolewa. Watoto wa fito za msalaba hawawekewi saa kabisa na nadhani ni busara, mtoto wa umri huo akiambiwa saa inakimbia anasahau kupumua.

Viunzi vyenyewe. Fito wametengeneza kwa mikaratusi ya hapa hapa, imenyooshwa, imepakwa nyekundu na nyeupe, mizito kiasi kwamba farasi akiigonga anaiheshimu. Mimi siku ya kwanza niliomba kuona vile vikombe vinavyoshikilia fito maana nilishaambiwa na daktari mmoja wa mifugo niviangalie. Kiunzi chenye fito mbili, moja mbele moja nyuma, wenyewe wanakiita oksa, ndicho cha hatari kuliko vyote kwa sababu farasi akikosea hesabu anatua juu ya ile fito ya nyuma. Ile ya nyuma inatakiwa ikae kwenye vikombe vya usalama ambavyo vikielemewa vinaachia fito idondoke, kwenye mashindano ya FEI ni lazima. Hapa wanavyo. Saisi alinionesha, akabonyeza fito kwa mkono kutoka juu, kikombe kikaachia, fito ikaanguka chini, akairudisha. Ukienda shule yoyote ya kuruka, iwe hii au nyingine, omba uoneshwe hicho kitu na ukiona wanakuzungusha rudi na mtoto wako nyumbani.

Kofia wanazo na ni zile zenye alama za viwango ndani, nilisoma mwenyewe, ila saizi za watoto wadogo sana ni chache na siku yenye watu wengi unaweza kukuta mtoto anasubiri mwenzake avue. Ukiweza nunua yako. Vesti za kukinga kifua zipo na kwa kuruka ni lazima uvae, hawaulizi mara mbili.

Watu wazima mnakaribishwa na msione haya. Kuna baba mmoja mwenye mvi alianza pale kwenye fito za chini pamoja na watoto wa shule ya msingi na sasa yuko 70, na hakuna aliyemcheka. Nick Skelton wa Uingereza alichukua dhahabu ya Olimpiki Rio 2016 akiwa na miaka 58, na kabla ya hapo alishavunjika shingo mwaka 2000 watu wakajua kazi imeisha. Kwenye uzito wana kikomo na wanapima kweli, usikasirike, ni mgongo wa mnyama.

Mume wangu yeye anachouliza kila mara ni nani ameruka juu kuliko wote. Basi nimjibu hapa hapa: rekodi ya dunia ni mita 2.47, Alberto Larraguibel wa Chile na farasi Huaso, mwaka 1949, na mpaka leo haijavunjwa. Na ya kuruka kwa urefu kwenda mbele ni ya Afrika, mita 8.40, André Ferreira na farasi Something, Johannesburg 1975. Hizo ni za mrukio mmoja mkubwa, hazihusiani sana na hii kazi ya levo ninayoiongelea ambapo unaruka viunzi kumi na zaidi mfululizo kwa njia uliyoikariri na hakuna anayekukumbusha uende wapi, ila najua wapo akina baba wengine watauliza.

Farasi wanatunzwa, nimeridhika. Uganda si nchi rahisi kwa farasi, kuna mbung'o, kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na visubi, na ndo sababu kubwa huwezi kuchukua tu farasi wa huku ukampeleka kushindana Ulaya. Hapa wanachanja, jioni farasi wanaingizwa ndani mapema kabla visubi havijaanza, na kila farasi ana ubao mlangoni umeandikwa kafanya kazi saa ngapi na karuka mara ngapi wiki hiyo. Farasi akishafikisha kiwango chake cha kuruka haruki tena hata kama umelipia, unapewa somo la kawaida au unahamishiwa siku nyingine. Kuna watu hili linawaudhi. Binafsi hicho kibao ndo kilinifanya niwaamini, maana farasi aliyechoka ndo anayegonga fito na kukataa, halafu mtoto anadhani yeye ndo hajui.

Masaisi wanaongea Kiswahili, Luganda na Kiingereza, watoto wanawaita mjomba na wanafundishwa kusalimia kabla ya kuomba hatamu. Binti yangu sasa anajua kusafisha kwato na kukaza tandiko mwenyewe, na hiyo nayo iko kwenye kadi, huvuki 50 kama hujui kumtandika farasi wako.

Sasa ile nyota moja niliyoibana. Siku za mashindano matokeo yanachelewa mno kubandikwa, muda wanapima kwa saa za mkononi wanaandika kwenye karatasi, na jampofu ikiwa na tofauti ya nukta ya sekunde kati ya watoto wawili hapo panakuwa na minong'ono. Nimewaambia watafute hata ile mashine ya kupimia muda yenye taa mbili, hata ya kuazima. Matangazo yanafanywa kwa Kiingereza cha haraka kwenye spika inayokoroma, bibi yake binti yangu alikaa kutwa nzima bila kujua mjukuu wake kaingia saa ngapi, na nusu ya watu waliokuwepo pale ni waongeaji wa Kiswahili na Luganda, wangetangaza kwa lugha mbili tatu isingechukua hata dakika. Kivuli ni kidogo. Choo ni kimoja. Na uwanja wa majani mvua za Machi na Aprili zikikolea unateleza, wanahamia kwenye uwanja wa mchanga ambao ni mdogo, kwa hiyo njia inabanwa na zile klasi za 80 kwenda juu zinafutwa, na ada ya kuingia hairudishwi hela, unasogezewa mashindano yajayo. Hilo waliandike wazi kwenye fomu kabla mtu hajalipa.

Bei si ndogo, sitadanganya, ila somo la kikundi ni karibu nusu ya somo la peke yako na kwa levo za chini kikundi kinatosha kabisa, mtoto anajifunza pia kwa kumwangalia mwenzake. Kuanzia 70 ndo ningekushauri uchanganye, moja ya peke yake na moja ya kikundi. Usinunue buti za bei mbaya mwanzoni, viatu vyovyote vya ngozi vyenye kisigino kidogo vinafaa, muhimu mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia.

Wanaotaka kwenda kuangalia kwanza, nendeni siku ya mashindano yao ya ndani na mfike asubuhi mapema kabla klasi hazijaanza, kwa sababu wanawaruhusu wazazi kuingia uwanjani pamoja na watoto wakati wa kukagua njia kwa miguu. Vaa viatu vya kukanyaga umande, muulize mwalimu pale kwenye ule umbali wa viunzi viwili poni wako anapata hatua ngapi, atasimama na kukuhesabia.